Maswali Yasiyoulizwa Kabla Golf Haijazima Njiani

Yapo maswali mawili ambayo wenye magari madogo yenye injini kali hupenda kuulizana kila wakutanapo. La kwanza huhusu mwendo: hili lako linafika kilomita ngapi kwa saa? La pili huja baadaye sana, na huulizwa kwa sauti ya chini, boneti ikiwa imefunguliwa kando ya barabara: sasa hii itanigharimu pesa ngapi? Baina ya maswali hayo mawili yamo mengine kadhaa, madogo madogo, yasiyo na fahari yoyote, ambayo aghalabu hayaulizwi kabisa. Ni hayo ninayokusudia kuyajadili leo, na mfano wangu utakuwa gari ambalo walimu vijana wengi ninaowafahamu wamelipenda mno, yaani Volkswagen Golf GTI.

Mapenzi hayo si ya kushangaza. Golf GTI ya kwanza ilianza kuuzwa mwaka 1976, na waliobuni wazo lake walitarajia kuunda magari 5,000 tu. Ilikuwa na injini ya lita 1.6 yenye nguvu za farasi 110, na uzito wake ulizidi kilo 800 kidogo. Toleo hilo la kwanza lilipofikia ukingoni, magari zaidi ya 460,000 yalikuwa yameundwa. Watu walikuwa wamepata gari la kwendea sokoni na kupelekea watoto shuleni, tena lenye pumzi za gari la mashindano. Toleo la tano, lililotokea mwaka 2004, lilikuwa na injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi 200. Hilo ndilo lililoingia kwetu kwa wingi kutoka Japani na Uingereza, kwa kuwa nchi hizo, kama yetu, huendesha upande wa kushoto wa barabara.

Hapa ndipo hesabu ya umri inapoanza. Kwa mujibu wa kanuni ya KS 1515 ya mwaka 2000, gari lililotumika haliruhusiwi kuingizwa nchini likiwa limepita miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza kule lilikotoka. Watu wengi huingiza gari lililokaribia kikomo hicho kwa sababu ndilo la bei nafuu. Maana yake ni kwamba gari ambalo jirani huliita "jipya" siku ya kutoka bandarini Mombasa limekwisha kuzeeka kwa miaka saba, na Golf yoyote ya toleo la tano tunayoiona barabarani leo imepita miaka 15. Mpira umekauka, plastiki imekuwa dhaifu kama ganda la yai, na kila kimiminika kilichomo ndani kina historia ambayo mwenye gari haijui.

Wasemaji wa jambo hili wamegawanyika makundi mawili, na sikubaliani na lolote kati yao. Wapo wanaodai kwamba gari la Ulaya ni balaa, na kwamba mwalimu mwenye akili timamu hununua Toyota akalala usingizi. Wapo pia wanaoapa kwamba Golf yao haijawasumbua hata siku moja, na kwamba wanaolalamika ni washamba wasiojua magari. Kundi la kwanza husahau kwamba Toyota yenye turbo na umri kama huo nayo hudai haki zake. Kundi la pili, nionavyo mimi, huzungumza kabla ya siku yake kufika. Gari hili si bovu. Liliundwa kwa watu wenye ratiba ya matengenezo iliyoandikwa na kufuatwa, kisha likaletwa kwa watu ambao ratiba yao ni mlio usio wa kawaida.

Swali la awali basi, kabla ya swali la oili au plagi, ni hili: gari langu lina injini gani hasa? Jibu hupatikana kwenye kibandiko kilichomo katika kitabu cha huduma, au chini ya zulia la buti penye gurudumu la akiba. Ukiona herufi AXX au BWA, una injini ya toleo la tano, inayotumia mkanda wa taiming. Ukiona CCZB, una ile ya toleo la sita, inayotumia cheni. Nimewahi kumsikia fundi akimhakikishia mteja kwamba "GTI zote ni moja." Sizo. Mwenye mkanda na mwenye cheni wana hofu tofauti, na fundi asiyeijua tofauti hiyo asiruhusiwe kushika spana.

Nianze na mkanda. Ratiba ya Ujerumani iliutengea kilomita 180,000, na watu wetu hulishikilia tarakimu hilo kama hati ya shamba. Lakini mpira hauzeeshwi na kilomita pekee. Huzeeshwa pia na joto na miaka. Ndiyo sababu mafundi wengi waliobobea katika magari haya hushauri mkanda ubadilishwe mapema zaidi, yapata kilomita 100,000 au kila baada ya miaka mitano au sita, lolote litakalotangulia. Katika injini hii, mkanda ukikatika, pistoni hukutana na valvu zilizobaki wazi na kuzipinda. Mtu aliyekataa kugharimia mkanda hujikuta akinunua kichwa cha injini. Mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, kwa hivyo kubadilisha mmoja na kuiacha nyingine ni kumlipa fundi mara mbili kwa kazi ya kufungua pahali pamoja. Mwalimu mwenzangu mmoja alikatikiwa na mkanda akiwa njiani kwenda kusimamia mitihani. Hakuumia. Gari liliuzwa kama vipuri, ilhali mkopo wake wa chama cha akiba ulikuwa umebakisha miaka miwili na nusu, na hadi leo mshahara wake hukatwa kwa ajili ya gari ambalo halipo.

Kuna kipande kingine katika injini hiyohiyo ambacho wenye magari wengi hawajawahi hata kukisikia. Pampu ya petroli yenye shinikizo kubwa husukumwa na kamshafti, na baina ya viwili hivyo pamewekwa kikombe kidogo cha chuma, kisichozidi kifuniko cha chupa ya soda kwa ukubwa. Kikombe hicho husagika. Kwanza weusi wa juu hutoka, kisha chuma hung'aa, kisha hutoboka. Kikishatoboka, pampu na kamshafti husagana zenyewe kwa zenyewe. Kukikagua ni kazi ya muda mfupi: pampu hufunguliwa kwa bolti chache, kikombe hutazamwa, na kikionekana kimeanza kuliwa hubadilishwa. Bei yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kamshafti. Mimi ningetaka kikaguliwe kila baada ya kilomita 20,000 au 30,000. Ukimuuliza fundi kuhusu kikombe hiki naye akakukodolea macho, umepata jibu la swali jingine muhimu zaidi, yaani kama huyo ndiye fundi wako.

Wenye toleo la sita hawana kadhia ya kikombe, lakini wasishangilie. Cheni yao hukazwa na kifaa ambacho katika magari ya awali, hadi yapata mwaka 2012, kilikuwa na udhaifu: kingeweza kulegea ghafla na kuiacha cheni iruke meno. Matokeo ni yaleyale ya mkanda kukatika. Kifaa kilichorekebishwa kipo. Swali la kumuuliza aliyekuuzia gari ni kama kimewekwa, na kama anayo stakabadhi. Kelele ya mkwaruzo kwa sekunde chache asubuhi gari linapowashwa isichukuliwe kuwa ni kikohozi cha uzee.

Sasa nije kwenye oili, ambayo kila mtu hujidai kuijua. Mabishano yetu huhusu kilomita: wengine husema 5,000, wengine 10,000, na wachache waliosoma kijitabu cha Ulaya hutaja 15,000 au zaidi. Nawaomba wanafunzi wachukue kalamu. Gari likitembea kilomita 10,000 katika barabara kuu za Ujerumani kwa wastani wa kilomita 100 kwa saa, injini yake imefanya kazi saa 100. Gari likitembea kilomita hizohizo 10,000 katika msongamano wa Nairobi kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa, injini imefanya kazi saa 500. Tarakimu kwenye dashibodi ni moja, kazi iliyofanywa ni mara tano. Ongeza vumbi, ongeza safari fupi za kutoka nyumbani hadi shuleni ambapo injini haipati hata nafasi ya kupasha joto ipasavyo, nawe utaelewa kwa nini mimi huwashauri watu wasizidishe kilomita 7,000 au 8,000, au mwaka mmoja. Tena si oili yoyote. Chupani pawe pameandikwa VW 502 00, au 504 00. Maneno makubwa yaliyoandikwa mbele ya chupa kwa rangi ya dhahabu hayana maana. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo yenye maana. Turbo huzunguka kwa kasi ya kutisha juu ya utando mwembamba wa oili, na oili ya bei rahisi haiusitiri utando huo kwa muda mrefu. Na kati ya huduma moja na nyingine, kijiti cha kupimia kichomolewe kila wiki. Injini hizi hunywa oili kidogo, na taa ya dashibodi si mahali pa kupata habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Lakini jambo linaloniudhi kuliko yote ni thamostati. Nimeona katika gereji zaidi ya moja fundi akiitoa, akiitupa, na kumwambia mwenye gari kwamba "huku kwetu kuna joto, hii ni ya nchi za baridi." Mwenye gari hushukuru na kulipa. Kisha mfumo hujazwa maji ya mfereji. Hapa naomba walimu wa fizikia waniwie radhi nikiingia darasani mwao. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 na ushei, na maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Injini ya Golf hupenda kufanya kazi ikikaribia nyuzi 90. Kinachoyazuia maji yasichemke ndani yake ni mfuniko wa tangi la maji, unaotunza shinikizo, pamoja na dawa inayochanganywa na maji, ambayo huinua kiwango cha kuchemka na kuzuia kutu. Mfuniko ukiwa umechoka na dawa ikiwa haimo, gari hilo husalia na uwanja mdogo mno wa usalama, hasa likiwa linapanda mlima.

Na thamostati? Kazi yake ni kuyafungia maji hadi injini ipate joto lake, kisha iyaruhusu kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, injini hukaa baridi muda mrefu. Kompyuta ya gari, ikidhani bado ni alfajiri, huendelea kumwaga petroli ya ziada. Petroli hiyo huteremka kuta za silinda na kuichafua oili. Mwenye gari hulalamika kwamba Golf inakunywa mafuta, na huenda kwa fundi yuleyule aliyesababisha maradhi ili apewe dawa nyingine. Joto la nje ya nyumba halina uhusiano na joto linalotakikana ndani ya injini, kama vile jua la Lodwar lisivyopika ugali jikoni. Thamostati iliyoharibika hubadilishwa, haitolewi. Na dawa ya maji iwe ya aina iliyoandikwa kitabuni, ya waridi au ya zambarau, isichanganywe na ile ya kijani ya dukani kwa kuwa tu ilikuwapo. Wenye toleo la saba wachunguze pia nyumba ya plastiki inayobeba thamostati na pampu ya maji, kwa maana huvuja, na mvujo wake huwa mdogo na wa kimyakimya.

Giaboksi ya DSG yenye gia sita, iliyomo katika nyingi ya GTI hizi, ina klachi mbili zinazoogelea ndani ya oili. Oili hiyo na chujio lake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Hakuna mjadala hapo, na yeyote anayesema kwamba oili hiyo ni ya maisha ni heri aulizwe ni maisha ya nani. Kiasi chake hupimwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa na joto la nyuzi 35 hadi 45, kwa hivyo fundi asiye na kifaa cha kusoma joto hilo kutoka kwenye kompyuta ya gari anakisia. Ikiwa gari limeanza kutetemeka likiondoka kwenye taa za barabarani, kwanza uliza oili ilibadilishwa lini, kabla hujakubali kuuziwa giaboksi kuukuu.

Juu ya masizi yanayojikusanya kwenye valvu za kuingizia hewa nitasema machache. Petroli katika injini hizi hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo haiwahi kuziosha valvu hizo. Dawa ya kumimina kwenye tangi haiwezi kuyafikia masizi hayo hata ingeuzwa kwa bei ya manukato. Husafishwa kwa mkono, baada ya kufungua.

Kuhusu breki nitakaa kidogo, kwa sababu hapa hatuzungumzii tena pesa. Oili ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Ile iitwayo DOT 4, ikiwa mpya, haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230. Ikisha kunyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 155. Teremka na gari la farasi 200, watu watano na mizigo yao, kutoka Kimende kuelekea Mai Mahiu huku mguu ukiwa juu ya pedali, halafu ufikirie tofauti hiyo ya nyuzi 75. Oili ikichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali huzama hadi sakafuni. Hubadilishwa kila miaka miwili. Katika kazi zote nilizozitaja hii ni miongoni mwa zile rahisi kabisa kwa gharama, na ndiyo inayosahauliwa zaidi, kwani hakuna kinacholia wala kinachovuja.

Magurudumu nayo huhukumiwa kwa umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye mistari mirefu mizuri lakini lenye umri wa miaka kumi ni la kuwekea maua.

Wapo watakaosema kwamba nimeandika yote haya bila kugusa lile wanalolipenda vijana, yaani kubadilisha programu ya kompyuta ili turbo isukume zaidi na bomba la moshi litoe milio ya baruti. Nimeliacha makusudi. Mtu asiyejua tarehe ya mkanda wake, ambaye kikombe chake cha pampu hakijawahi kutazamwa, akiongeza nguvu za farasi 50 anaharakisha tu siku ambayo ingekuja polepole. Sina ugomvi na mwenye kumaliza kwanza yaliyo ya lazima. Hata huyo, hata hivyo, afungue kifuniko cha tangi asome ni petroli ya daraja gani iliyoandikwa pale. Katika soko la Japani magari haya yalinuiwa petroli ya daraja la juu, ambayo kule haishuki chini ya oktani 96, na programu kali katika petroli duni huigonga pistoni kama nyundo.

Je, mwalimu anunue gari hili? Jawabu langu ni kwamba anunue iwapo ataweza, siku ileile ya kulipia gari, kubaki na akiba ya kugharimia mkanda, pampu ya maji, oili zote, dawa ya maji na magurudumu manne. Asipobaki nayo, basi bei aliyoambiwa siyo bei ya gari. Vipuri si haba: Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi humpa mtu karibu kila kitu. Ila nasisitiza kwamba mkanda, kikombe, kikaza cheni na pedi za breki vinunuliwe vipya, na namba ya kipuri ilinganishwe na ile ya zamani kabla fundi hajaifungua karatasi.

Limebaki suala la ushahidi. Nawahimiza wenye magari wawe na daftari, hata lile la kurasa 48 la mwanafunzi wa darasa la nne, likae ndani ya gari. Kila kazi iandikwe: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa, namba ya kipuri. Stakabadhi zibandikwe. Nanyi mnaokwenda kununua, muulize daftari kabla ya kuuliza redio. Muuzaji akikujibu kwamba mkanda ulibadilishwa "hivi majuzi," mwombe stakabadhi. Asipokuwa nayo, uhesabu kuwa haukubadilishwa, ukate gharama yake kwenye bei mbele yake, na ulipeleke gari kwa fundi siku hiyohiyo, kabla hujalipeleka kwa rafiki zako kulionyesha.